Maji ya Ubatizo na Mambo ya Siasa



Hapa kwetu Nyunzu, kila wakati wa kura unapokaribia, waamini wanatuuliza swali lile lile baada ya mafundisho: "Mwalimu, yampasa Mkristu kuingia katika siasa?" Wengine hawaulizi, wanajijibu wenyewe. Husema: "Siasa ni matope, anayesali akae mbali nayo." Wengine tena husema: "Padri atutajie mtu wa kuchagua, nasi tutamchagua." Tumefikiri sana juu ya makundi haya mawili, na twaona kwamba yote mawili yanakimbia kazi moja. Wa kwanza amwachia mwingine nchi yake; wa pili amwachia mwingine dhamiri yake.

Kanisa halifundishi hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, uliwasifu watu wanaojitoa kuitumikia nchi kwa manufaa ya wote. Tena ulionya kwamba Kanisa lisichanganywe na serikali wala kufungwa na chama chochote. Ndiyo sababu padri hapandi jukwaa la chama. Kazi ya kutengeneza mambo ya dunia ni ya walei hasa: mkulima, mwalimu wa shule, mama wa sokoni, mfanyakazi wa reli.

Bwana wetu alipoletewa sarafu, aliuliza kwanza sura iliyo juu yake ni ya nani. Ilikuwa ya Kaisari. Basi sarafu na irudi kwa Kaisari. Lakini mtu je, ana sura ya nani? Tangu Kitabu cha Mwanzo twajua: ana sura ya Mungu. Kwa hiyo Kaisari aweza kudai kodi, lakini hawezi kumgeuza mtu kuwa mali ya mwenzake. Siasa ya Mkristu yaanzia hapo.

Tusiseme maneno ya hewani, tutazame nchi yetu wenyewe. Tangu mwaka 2013 ugomvi kati ya Watwa na Waluba uliwaka katika kaskazini ya Katanga, sehemu ambayo tangu mwaka 2015 ni jimbo la Tanganyika. Sababu zake zilikuwa za zamani. Watwa wengi walilima mashamba ya wengine kwa malipo kidogo sana, hata kwa pombe au nguo kuukuu. Ardhi waliyokaa haikuhesabiwa kuwa yao, na katika mabaraza ya machifu hawakuwa na sauti. Tarehe 30 Aprili 2015, hapa Nyunzu, watu wenye mapanga, mishale na mashoka waliingia katika kambi ya Cotanki, walimokimbilia Watwa, wakaua watu 30 au zaidi na kuchoma vibanda vyao. Wapiganaji wa Kitwa nao walichoma vijiji vya Waluba na kuua watu wasio na kosa. Mwaka 2016, upande wa Kabalo, damu ilimwagika tena katika ugomvi juu ya kodi ya viwavi, chakula ambacho Mungu hukiotesha mwituni bure.

Viongozi walikutana Kalemie mwezi wa Februari 2017 kutafuta amani, na baraza za Watwa na Wabantu zikaanzishwa katika vijiji vingi. Twashukuru. Lakini tujiulize, sisi tulio na makanisa kando ya reli yote toka Kabalo hata Kalemie: imani yetu ilikuwa wapi siku zile? Wengi waliifungia sandukuni pamoja na nguo za Dominika. Walisema sala ni mambo ya Mungu, na kabila ni mambo ya siasa.

Methali yasema, "Damu ni nzito kuliko maji." Methali hii ina kweli yake, maana nani asiyempenda ndugu yake? Lakini Mkristu ameyapokea maji mengine. Maji ya Ubatizo ni mazito kuliko damu. Mtu aliyebatizwa pamoja nami ni ndugu yangu, hata kama mama zetu hawakujuana. Na asiyebatizwa bado, Kristu alikufa kwa ajili yake vilevile. Yule Msamaria hakumwuliza mtu aliyelala njiani kabila lake kabla ya kumfunga vidonda. Basi anayempigia mtu kura kwa sababu ya ukoo tu, akijua kwamba ni mwizi au mchochezi, amesahau maji yale.

Katika kampeni moja, mtu mmoja aliyeomba kura alifika kigangoni kwetu siku ya Dominika na gari lenye chumvi na vitenge. Alitaka kusema ndani ya kanisa, baada ya sala. Tulimjibu kwa heshima kwamba nje, chini ya mwembe, kila mtu ana ruhusa kusema, lakini mbele ya altare haiwezekani. Wazee wawili wa kigango walitukasirikia. Walisema: "Mwalimu, utatunyima chumvi." Hawakunyimwa. Mgeni alisema chini ya mwembe, kisha watu wake wakagawa vitu. Watwa walioketi pembeni hawakupewa kitu. Tulipouliza sababu, mmoja wa wagawaji alicheka, akasema: "Hawa watachagua kama bwana zao watakavyowaambia."

Jioni mzee mmoja wa Kitwa alitufuata. Aliuliza polepole: "Mwalimu, kura yangu ni yangu, au ni ya yule ninayemlimia?" Tulimjibu: "Ni yako, baba." Vijana waliosimama karibu walicheka kusikia Mtwa akiitwa baba.

Wasomaji wapenzi, katika kicheko kile na katika swali lile mnaona jambo lote. Sheria haina shaka juu yake. Katiba ya mwaka 2006 yasema Wakongo wote ni sawa mbele ya sheria. Tena sheria ya tarehe 15 Julai 2022 yalinda haki za Wambilikimo, ndio Watwa wetu: yakataza kuwatenga, na yakubali haki zao juu ya ardhi. Lakini sheria isiyojulikana kijijini ni kama mbegu iliyobaki ghalani. Anayejua kusoma na awasomee wengine, na mzee wa baraza aikumbuke anapoamua shauri la shamba. Kazi hiyo ni siasa, tena ni tendo la huruma.

Wengine watatupinga: "Mwalimu, Watwa nao waliua. Mbona wawatetea?" Ni kweli, na aliyeua ahukumiwe na mahakama, awe Mtwa, awe Mluba. Lakini kosa la mtu si kosa la kabila zima. Tukiikubali hesabu ya namna hiyo, hakuna kabila la Kongo litakalosalimika.

Wengine tena watasema kwamba mtu mnyofu hawezi kuishi katika serikali yetu. Tuwajibu kwa mfano wa Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alikuwa kijana mlei wa Goma, mkaguzi wa bidhaa zinazoingia mpakani. Alipewa fedha ili apitishe chakula kilichooza, naye akakataa, maana watu wangedhurika. Mwaka 2007 walimteka, wakamwua. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, huko Roma. Ushuhuda wake aliutoa akiwa kazini, katika ofisi ya nchi hii hii. Hatusemi ni jambo rahisi. Alilipa kwa uhai wake. Twasema inawezekana.

Basi, siku ya kura ifikapo, kila mmoja asali kwanza, kisha ajiulize mambo matatu. Mtu huyu amewatendea nini wale wasioweza kumlipa? Maneno yake yawapatanisha watu, au yawagonganisha? Fedha anazogawa zimetoka wapi? Akiisha kujibu kwa dhamiri safi, achague kwa uhuru, na asimchukie jirani aliyechagua mwingine. Baada ya kura kazi haijaisha: tumwombee aliyechaguliwa, tumtii katika mambo ya haki, na tumwambie kweli bila matusi anapokosa. Maaskofu wetu walituonyesha njia hiyo mwaka 2018, walipopeleka watazamaji wapata 40,000 kwenye vituo vya kura nchini pote, kisha wakasema waziwazi waliyoyaona.

Siku ya mwisho Hakimu wetu hatatuuliza chama chetu. Ametuambia mapema atakayouliza: juu ya mwenye njaa, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Katika Nyunzu yetu twawajua watu hao kwa sura na kwa majina. Tusingoje kura ijayo ndipo tuwakumbuke. Dominika hii mtu wa Kitwa akiingia kanisani, tusogee kidogo kwenye benchi, aketi katikati yetu.