Nyaya Mbili Kisimani

Kwa miaka miwili Bibi alinipigia simu kuniambia jambo moja: maji ya kisima yanageuka. Nami kila mara nilimjibu vilevile: "Nitakutumia hela, Bibi, ununue maji." Nikikata simu, natuma. Mwezi unaofuata anapiga tena, natuma tena. Nilikuwa Dar es Salaam, nina kazi, na nilijihesabu mjukuu mwema.

Nilipopata likizo nikapanda boti Nyamisati, nikashuka Kilindoni, nikachukua bodaboda kupita katikati ya minazi hadi nyumbani, karibu na Ras Kisimani. Bibi aliitikia shikamoo yangu huku akininyooshea kikombe. "Onja, mume wangu." Nikaonja. Hayakuwa maji baridi tena.

"Si siku zote," alisema. "Wakati wa bamvua ndiyo yanakuwa hivi. Yakifika maji mafu, yanarudi kuwa matamu kidogo. Nilikwambia."

Kweli alikuwa ameniambia. Sikuwa nimemsikia.

Pale rasini bahari si mgeni. Sehemu kubwa ya mji wa kale wa Kisimani imekwisha kuliwa na mawimbi. Jina limebaki, nalo ni la kisima. Bibi alitaka kwenda kwenye kikao cha kijiji kuomba kisima kingine kichimbwe mbali zaidi na pwani. Aliogopa kuambiwa kwamba hayo ni maneno ya wazee. Nikamwahidi namba.

Kwenye begi nilikuwa na maikrokontrola tatu za ATtiny85 na vikorokoro vingine. Moja ingekaa juu, penye betri ya sola. Nyingine ingening'inia chini, ikipima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha zaidi. Ile ya chini ilihitaji umeme, na ilihitaji njia ya kusema. Lakini waya niliokuwa nao ni wa spika, wenye nyaya mbili tu.

Jambo hilo si geni. Simu za mezani zilibeba umeme kutoka kituoni, karibu volti 48, pamoja na sauti za watu wawili, vyote katika nyaya mbili. Kihisi cha joto cha DS18B20 nacho kinaweza kuishi kwa umeme unaopita kwenye waya wake wa ujumbe.

Usiku wa kwanza niliiga mfano wa kihisi hicho: volti 5 kupitia rezista ya ohm 4,700. Kimya. Nikaandika programu upya, na upya tena, nikidhani kosa liko humo. Asubuhi nikapiga hesabu niliyopaswa kuanza nayo. Maikrokontrola ikivuta miliampea 1, volti 4.7 zinaishia kwenye rezista. Ya chini ilikuwa inabakiwa na volti 0.3. Haikuwa imewaka kabisa.

Nikabadilisha. Sasa ya juu ilitoa umeme moja kwa moja, bila rezista, karibu muda wote. Chini niliweka dayodi na kapasita ya mikrofaradi 100. Dayodi huruhusu umeme uingie na kuuzuia usirudi. Kapasita huuweka akiba. Mguu mmoja wa maikrokontrola niliuunganisha kabla ya dayodi, ili usikilize waya na kuuvuta. Ya juu ikitaka kuuliza, hukatisha umeme kwa vipande vifupi, na mpangilio wa vipande hivyo ndio swali. Kisha huuachia waya, ukabaki umeshikiliwa na ile rezista tu, ili ya chini iweze kuuvuta hadi sifuri na kujibu. Katika milisekunde 10 za jibu, ya chini huishi kwa akiba yake, na volti hushuka kwa 0.1 tu. Biti 8 zinapita, kisha umeme unarudi.

Sharti lake ni kwamba anayetoa umeme aache kutoa, la sivyo hatasikia kitu. Mara ya kwanza nilisahau mstari mmoja wa programu. Ya juu ikaendelea kusukuma volti 5 huku ya chini ikivuta waya upande wake. ATtiny moja ikaungua.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kisima na ile iliyoungua mkononi. Bibi alikuwa kando yangu anachagua mchele. Nikamuuliza bamvua lililopita lilikuwaje. Akaanza hapo, akaenda mbali: nani alichimba kisima, mnazi gani ulianguka kwanza, nani amehama. Nilikaa kimya mpaka mchele ukaisha.

Kwa siku 15 tuliandika namba kwenye daftari, asubuhi na jioni. Yeye anaonja na kusema, kisha mimi nasoma. Zilipanda wakati wa bamvua, zikashuka maji mafu yalipofika. Siku moja tu tulipishana. Nikavuta chombo juu, nikakuta skrubu za kupimia zimeota kutu. Bibi alicheka sana.

Daftari lilikwenda kwenye kikao. Walisema watalitazama, na hadi leo wanalitazama. Bibi anaendelea kuonja na kuandika. Hela naendelea kutuma, ila siku hizi napiga simu kwanza. Nauliza maji yakoje, halafu nanyamaza.