Balozi na Kikapu cha Mama

Nimezaliwa Kamembe, wilayani Rusizi, ambapo ukisimama kilimani unaiona Bukavu ng'ambo ya maji. Mama yangu huuza nyanya na vitunguu huko. Asubuhi huvuka daraja la mto Rusizi na kikapu chake kichwani, jioni hurudi. Kiswahili alikipata sokoni, si darasani.

Utotoni nilidhani balozi ni mtu wa karamu na gari lenye bendera. Fikra hiyo ilibadilika Oktoba 2022. Redio ilitangaza kwamba serikali ya Kongo imempa balozi wetu mjini Kinshasa, Vincent Karega, saa 48 aondoke. Kongo iliishutumu Rwanda kuwasaidia waasi wa M23; Rwanda ilikanusha. Mama alizima redio akaniuliza, "Mwanangu, nitavuka tena?" Sikuwa na jibu.

Baadaye nilisoma habari za balozi huyo. Aliwahi kuwa waziri wa miundombinu, kisha akaiwakilisha Rwanda Afrika Kusini. Huko nako mwaka 2014 nchi hizo mbili zilifukuziana wanadiplomasia, yeye akabaki. Nilijifunza pia kwamba Mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 9, unairuhusu nchi mwenyeji kumkataa balozi wakati wowote bila kueleza sababu. Basi balozi hujenga urafiki ugenini huku akijua kwamba anaweza kufungasha mizigo kwa siku mbili, kwa ugomvi ambao hakuuanzisha.

Jumatatu mama alivuka. Nilimsubiri kwa hofu hadi jioni. Alirudi na kikapu kitupu na sabuni aliyopewa na mteja wake wa Bukavu. "Mlizungumza nini?" nikamwuliza. "Habari za watoto," akajibu.

Nilipochagua kusoma Kiswahili chuoni, mjomba alinicheka, akasema hiyo ni lugha ya soko na madereva. Sikumkumbusha kwamba tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Nilimwambia tu kwamba soko ndilo lililobaki likizungumza balozi alipoondoka.

Hata hivyo, sidhani soko linatosha. Mama hawezi kuketi mezani na serikali siku daraja likifungwa. Anahitajika mtu wa kumsemea. Nataka kuwa mtu huyo, na nikifika huko, kabla ya kufungua mdomo nikikumbuke kile kikapu.