Riale saba za Bibi

Najua nimepotea sana, na wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani! Nipo mzima, mitihani nilifanya, na supu nimepata moja tu (tuiache hiyo). Leo nataka niwape stori ya jinsi nilivyoingia kwenye chumba cha mtihani mwaka jana, maana ilibaki kidogo nisiingie. Ni stori ya fedha. Na nikisema fedha namaanisha fedha yenyewe, yale madini meupe, sio hela.

Hapo Kiswahili kinachekesha kidogo. Wizara ya Fedha, fedha za kigeni, sina fedha... kumbe neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko ni jina la madini. Pesa nayo imetoka India. Yaani wazee wetu wa pwani walikuwa wakisema fedha na mkononi wana kipande cha fedha kweli. Sisi tumebaki na jina tu.

Basi bwana, ilikuwa Juni 2025. Mwenzangu wa chumbani, ambaye hapa nitamwita Mzee wa Chati, alikuwa hana habari na kitu kingine chochote zaidi ya bei ya fedha. Asubuhi kabla hajapiga mswaki anafungua simu. "Oya, imepita dola 36 kwa aunsi! Haijafika huku miaka kumi na tatu!" Halafu anaanza somo: paneli za sola zinatumia fedha, simu zinatumia, magari ya umeme yanatumia. Anasema sehemu kubwa ya fedha haichimbwi kwa ajili yake, inatoka kama ziada kwenye migodi ya risasi, zinki, shaba na dhahabu, kwa hiyo bei ikipanda huwezi tu kuamka ukaongeza uzalishaji. Na hayo yote ni kweli, nimeyasoma mwenyewe baadaye. Mpango wake ulikuwa tuchange bumu, tuagize miche ya fedha kutoka Dubai kwa ndugu yake, tukae nayo, tuje kuwa matajiri.

Mimi nilikuwa na laki mbili niliyobana kwenye bumu. Nilikuwa nimeshamwambia "poa."

Jioni ile ile mjomba akapiga simu. Mjomba ndiye anayenilipia sehemu ya ada, ana boti ya uvuvi kule Pangani. Mashine ya boti imekufa. "Mwanangu, mimi safari hii sina. Nisamehe." Nilikuwa nadaiwa laki tatu na nusu, na usipomaliza kulipa huruhusiwi kufanya mitihani. Zimebaki wiki mbili. Nililala chali naangalia dari mpaka alfajiri.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo. Nilipokuja chuo mwaka wa kwanza, Bibi yangu alifungua pindo la kanga akanipa riale saba. Kwa wale msiozijua: ni sarafu kubwa, pana kama mdomo wa glasi ndogo, upande mmoja mama mnene amejifunika ushungi, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Huyo mama ni Maria Theresa, malkia wa Austria. Alifariki 1780, na tangu hapo sarafu zake zikaendelea kupigwa zikiwa na mwaka ule ule 1780. Zimepigwa Vienna, London, Rome, Bombay, na Vienna wanazipiga hadi leo. Kwa hiyo ukiiona moja huwezi kuringa kwamba ina miaka mia mbili na arobaini, huenda imezaliwa juzi juzi na babu yako.

Karne ya 19 ndizo zilikuwa hela ya pwani yetu, Zanzibar mpaka Arabuni na Uhabeshi. Wazee waliziita riale ya Shamu. Hata wakia, kile kipimo cha kupimia vitu vidogo, ilikuwa ni uzito wa riale moja. Wafanyabiashara walikuwa makini, wanahesabu lulu kwenye bizimu la begani kwa huyo mama. Ziwe tisa, zikipungua hawataki. Sayyid Barghash alipiga riale yake mwenyewe mwaka 1882, lakini watu waliendelea kumpenda yule mama.

Bibi aliponipa alisema neno moja. "Ukibanwa uza. Usipobanwa, nirudishie."

Nikajiona nimebanwa.

Kabla ya kwenda mjini nikataka nijue ninachouza ni nini. Riale moja ina gramu 28 na kidogo, na fedha safi ndani yake ni sehemu 833 katika 1000, iliyobaki ni shaba. Maana yake fedha safi ni gramu 23.4, sawa na robo tatu ya aunsi (aunsi ya madini ni gramu 31.1). Jamaa mmoja wa maabara akanisaidia kuzipima. Zote saba gramu 194, kwa sababu nne zimetobolewa na zimelika. Tukazitumbukiza kwenye silinda ya maji, maji yakapanda mililita 19. Gawanya hapo, unapata 10.2. Fedha tupu ni karibu 10.5 na shaba karibu 9, kwa hiyo mchanganyiko huo unakaa pale pale panapotakiwa. Archimedes hoyee! Zilikuwa za kweli.

Kwa dola 36, na dola moja ilikuwa kama shilingi 2,600, kila riale ilikuwa na fedha ya shilingi 70,000 ndani yake. Mara saba... nikaona ada imelipika na chenji inabaki. Nikapanda daladala nikiwa natabasamu peke yangu kama chizi.

Mtaa wa Indira Gandhi una masonara wengi. Wa kwanza alizitupia jicho tu, "elfu thelathini moja." Wa pili akasugua kwenye jiwe, akadondoshea tindikali, akasema arobaini. Nikamwonyesha simu, bei ya dunia hii hapa. Akacheka. "Kijana, nenda kamuuzie huyo wa kwenye simu."

Nilikasirika. Lakini wa tatu, mzee mmoja mtaratibu, alinikalisha kwenye stuli akanieleza. Alisema bei ya kwenye simu ni ya miche mikubwa ya London, kila mmoja una aunsi kama elfu moja, imepimwa na inajulikana. Mimi nimemletea vipande saba vyenye shaba. Yeye atayeyusha, atasafisha, kuna kinachopotea, halafu akae nayo mpaka mteja wa cheni aje. "Na wewe una haraka," akasema. "Mwenye haraka analipia haraka yake." Akanipa bei ya elfu hamsini kwa moja.

Sikuuza. Nikatoka nje nikampigia Bibi, maana roho ilikuwa inanisuta.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekula?"

Nikamweleza yote. Mjomba, ada, sonara. Kimya kidogo, nasikia kuku tu kule nyuma. Akauliza, "Zilizotobolewa unazo?" Nikasema ninazo nne. Akasema hizo nne alivalishwa mama yake siku ya harusi, ni mahari, zilikuwa kwenye mkufu na mitali yake ya miguuni. Zile tatu nzima alizinunua mwenyewe kwa hela ya mbata, alipokuwa msichana. "Zile tatu ni jasho langu, mimi nakupa. Uza. Zile nne si zangu, nimeshikishwa tu."

Nikamuuliza kwa nini alinunua riale wakati zilikuwa hazinunui tena kitu dukani. Akasema mama yake alimfundisha hivyo, noti ina mwenyewe na mwenyewe anaweza kuigeuza. Nilidhani ni maneno ya kizee mpaka nikasoma. Juni 1986 dola moja ilitoka shilingi 17 ikaenda 40. Aliyekuwa na noti kwenye kopo aliamka zipo zile zile, ila nguvu haipo. Bibi alikuwa na kopo pia. "Za kwenye kopo zilikufa," alisema. "Za kwenye kanga zikabaki."

Nikarudi ndani nikauza tatu. Laki moja na nusu. Nikaongeza ile laki mbili ya bumu, ikawa laki tatu na nusu kamili. Nililipa siku hiyo hiyo. Mwezi mzima uliofuata nilikula wali maharage mpaka mhudumu wa kantini akawa hanihoji tena, ananipakulia tu.

Mzee wa Chati hakunielewa hata kidogo. "Umeuza fedha inapopanda? Umerogwa?" Yeye akaagiza mche wake, gramu 100, umepigwa muhuri 999, unang'aa kama kioo. Fedha iliyomo ilikuwa ya laki tatu, yeye mpaka inamfikia mkononi ililipiwa laki tatu na elfu themanini. Ndivyo ilivyo kila mahali, mpigaji anaongeza chake, msafirishaji chake. Uingereza mtu akinunua mche wa fedha analipa na VAT asilimia 20 juu, wakati dhahabu ya akiba wameisamehe.

Halafu ikaja Oktoba 2025, fedha ikavuka dola 50. Saa nane usiku jamaa ananiamsha anicheke. Nakubali, iliniuma. Nilipiga hesabu gizani ya zile riale tatu.

Asubuhi tukapiga hesabu ya mche wake pia. Shilingi yetu ilikuwa imepata nguvu, dola imeshuka kama 2,450. Fedha ya ndani ya mche ikawa laki tatu na elfu tisini na kitu. Bei ya dunia imepanda karibu asilimia arobaini, na yeye ndiyo kwanza amerudisha alicholipa, tena kwenye karatasi. Alipoupeleka kwa yule yule mzee akaambiwa laki tatu. Akarudi nao chumbani, kimya, akauweka chini ya godoro.

Sisemi alikosea. Huenda miaka kumi ijayo atanicheka vizuri zaidi. Ninachosema ni kwamba nilisoma historia ya hiki kitu ikanitisha. Januari 1980 fedha ilikaribia dola 50 kwa aunsi, wakati matajiri wawili wa Texas, ndugu wa ukoo wa Hunt, walipokuwa wameikumbatia. Tarehe 27 Machi mwaka ule ule ikaanguka chini ya dola 11. Aprili 2011 ikafika karibu 49, mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 14. Aliyenunua kileleni 1980 alingoja miaka 45 kuiona tena namba yake, na dola ya sasa sio ile ya 1980. Lakini aliyekuwa na shilingi tu kwenye kopo muda wote huo? Mwaka 1980 dola ilikuwa kama shilingi 8. Piga mwenyewe.

Kwa hiyo wote wawili wana ukweli wao, Bibi na Mzee wa Chati. Tofauti ni kwamba Bibi hakuwahi kutegemea riale impe chakula cha mwezi huu. Alikuwa na minazi, mihogo na samaki wa mjomba, ndio maana aliweza kungoja miaka sitini. Mwanafunzi anayengoja bumu hawezi kungoja hata wiki mbili. Mimi nilikuwa na fedha ya kweli, iliyopimwa maabara, bado nilipoteza karibu theluthi ya thamani kwa sababu ya tarehe ya mwisho ya ada. Ukiwa na hela ya ada, hiyo ni ada. Ukiwa na hela ambayo hutaigusa mpaka upate mjukuu, hapo sawa, nenda kanunue mche wako. Na uulize mapema nani atakuja kuununua, na kwa bei gani.

Akiba haiozi, wahenga walisema. Hawakusema itapanda bei.

Likizo nilienda Pangani nikamrudishia Bibi zile nne. Alizihesabu moja moja, akapitisha kidole kwenye matobo, akazifunga kwenye pindo. Nikamwambia, "Bibi, unajua zimepanda sana?" Akanitazama kama mtu aliyesikia kitu cha ajabu.

"Kwani nani anauza?"

Haya wadau, taa za korido zishazimwa na nina test Jumatatu. Kama nyumbani kwenu kuna riale, rupia za Mjerumani au zile shilingi za simba za zamani, waulizeni wazee zilifikaje, halafu mje mniambie. Alamsiki.