Kikuku Kinachojua Kuachia

Katekista wa kigango tulichopelekwa likizo iliyopita ni saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba moja chini ya Mlima Meru. Jumamosi ya kwanza tulipofika shambani tulimsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Akaitikia, "Milele amina," lakini macho yake yalikuwa miguuni petu. Tulikuwa mafrateri wanne wa falsafa, wote wa miaka 25 au karibu yake, na tulitamani sana kupanda farasi. Mzee alitukagua mmoja baada ya mwingine, kama mama anavyokagua watoto kabla ya Misa, kisha akasema, "Leo hapandi mtu."

Badala yake alitukalisha kwenye gogo, akaleta vikuku. Kikuku ni kile chuma kinachoning'inia ubavuni mwa farasi, ambamo mpandaji huweka mguu. "Mnaogopa kuanguka," alituambia. "Kuanguka ni sehemu ya kazi hii. Ogopeni kuanguka halafu mguu ukabaki juu." Farasi akishtuka hukimbia, na mtu aliyenasa mguu huburuzwa chini, kichwa kikiwa karibu na kwato.

Tulidhani somo litahusu namna ya kukaa imara juu ya farasi. Mzee akaanza na namna ya kutoka. Kiatu kikiwa ndani ya kikuku, alisema, inatakiwa ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi kila upande, pale unyayo unapokuwa mpana zaidi. Kikuku kikiwa chembamba kuliko hapo, kiatu kinabanwa. Kikiwa kipana mno, mguu mzima unapenya mpaka kifundoni, nao unanasa vilevile. Ndiyo maana kiatu kinahitaji kisigino kifupi, cha sentimita 2 hadi 3: kisigino ndicho kinachozuia mguu usipenye. Soli iwe nyembamba na laini, isiwe na meno makubwa yanayong'ang'ania chuma. Kiatu kifunike kifundo cha mguu, na kamba zake zichomekwe ndani. Ukishapanda, unakanyagia sehemu ya mbele ya unyayo tu, kisigino kikielekea chini.

Kwa vipimo hivyo tulianguka mtihani karibu sote. Raba hazina kisigino. Kandambili na katambuga hazishiki mguu. Gambuti lina kisigino, lakini ni pana, na soli yake ya mpira ina meno. Likibanwa halichomoki upesi. "Asiye na kiatu aniambie," mzee alimaliza. "Hapa shambani tutatafuta."

Watatu kati yetu tulikuwa na buti za ngozi kule parokiani, na mmojawetu alikuwa na jozi mbili. Mwenzetu wa nne alikuwa na raba. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimeachia soli tangu Pasaka, naye alikuwa hajapata hela ya fundi. Jambo hilo tulilijua. Tulikuwa tumemtania kwa ajili yake mezani, naye alicheka pamoja nasi. Hakuomba, nasi hatukutoa.

Jumamosi ya pili alikuja na gambuti la parokia, lile la kuingilia bandani kwa ng'ombe, akaliteremshia suruali juu yake. Mzee alikuwa anakaza mkanda wa tumbo wa farasi wa mwisho. Aliuliza bila kugeuka, "Wote mna viatu vyenye kisigino?" Tukajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mzee."

Gambuti lina kisigino. Kwa mantiki tuliyofundishwa, jibu letu lilikuwa kweli tupu.

Tulizunguka uwanja mara mbili kwa mwendo wa kutembea. Kisha upepo ukainua gunia tupu kutoka kwenye uzio. Farasi wa mwenzetu akaruka pembeni, naye akaangukia upande wa kushoto. Tuliona bega lake likigonga ardhi, na tuliona mguu wake umebaki juu. Farasi alipiga hatua nne au tano, akimvuta. Hatukufanya lolote. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua namna ya kushuka haraka.

Kilichomwokoa hatukuwa tumekiuliza. Ukanda wa kikuku hutundikwa kwenye chuma kidogo chini ya tandiko, na mwisho wa chuma hicho mna kilimi kinachoweza kufungwa au kuachwa wazi. Saisi wetu hakifungi kamwe. Ukanda ulipovutwa kwa nyuma uliteleza ukachomoka, na mwenzetu akabaki kwenye nyasi, kikuku kikiwa bado kimebana gambuti lake. Mzee alikuwa ameshaikamata hatamu. Kwenye zahanati walimkuta na bega lililochubuka na kifundo kilichovimba, lakini hakuvunjika mfupa.

Jioni mzee alikuja parokiani kumwona. Hakumkaripia mgonjwa. Alitugeukia sisi akauliza, "Nani kati yenu alijua?" Safari hiyo hatukujibu kwa pamoja.

Usiku ule tulizungumza kuhusu Aristotle. Mwanzoni kabisa mwa kitabu chake cha maadili anataja ufundi wa kutengeneza hatamu, na kusema kwamba ufundi huo uko chini ya ufundi wa kupanda farasi. Vikuku havitaji, kwa sababu Wagiriki wa zama zake walipanda bila vikuku. Tulikuwa tumelijibu swali hilo la hatamu katika mtihani, tukaeleza vizuri jinsi kila kitu kinavyopata maana yake kutokana na lengo lake. Lakini mbele ya jozi ya buti iliyokaa chini ya kitanda bila kazi, hatukujiuliza lengo lake ni nini. Tulijua kutetea jibu letu kuliko kumtetea ndugu yetu.

Wiki tatu baadaye mwenzetu alipanda tena. Alivaa buti za mmojawetu, ambazo sasa ni zake. Mzee aliingiza kidole kila upande wa kiatu chake ndani ya kikuku, akaridhika. Alituonyesha pia kikuku cha aina nyingine, ambacho upande wake wa nje si chuma bali ni mpira mnene unaochomoka mguu ukivutwa. Lakini alituonya: hata hicho hakimwokoi anayeficha kiatu chake.

Waamini wenzetu, siku za sikukuu huenda mkakutana na farasi wa kupandisha watoto. Kabla hamjatoa hela, tazameni miguu ya mtoto. Mguu mdogo hupenya kirahisi katika kikuku cha mtu mzima, na kandambili haizuii chochote. Mwombeni mwenye farasi kikuku kinachomfaa, na kama hana, mtoto amshike farasi shingo, ampapase, arudi nyumbani akiwa mzima.

Nasi mafrateri, tunapoulizwa kama wote tuna viatu, tutazame kwanza miguu ya jirani ndipo tujibu.