Nilikuwa Nikipima kwa Kilo

Biashara ya vyuma chakavu niliirithi kwa kaka yangu, hapa Busia upande wa Kenya: yadi ya mabati, mizani moja na deni. Mchana vijana waliniletea sufuria, rejeta na fremu za baiskeli. Usiku waliniletea boliti za reli, vibao vya kuungia reli, na mara nyingine taruma zima la chuma lililokatwa vipande. Vilitoka pande za Malaba na Tororo, vikipitishwa njia za panya juu ya baiskeli. Sikuuliza. Nilipima, nikalipa, na kabla hakujapambazuka mzigo ulikuwa kwenye lori chini ya mabati makuukuu. Jumapili nilikaa kanisani kiti cha mbele.

Nilijitetea moyoni kwamba reli imekufa, na cha maiti hakina mwenyewe. Njia inayotoka Tororo kwenda Soroti na Gulu ilikuwa imeota magugu, hilo ni kweli. Lakini ile ya Malaba kwenda Kampala ilipitisha mizigo, na mwenye kuendesha treni usiku haoni boliti iliyokosekana. Hilo nililijua.

Kulikuwa na mzee jirani yetu, mstaafu wa reli. Miaka ya sitini alikuwa mchochea moto wa injini za treni kati ya Nairobi na Mombasa, kisha akahamishiwa Tororo, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na Shirika la Reli likagawanywa. Alikuwa akija yadini, anaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, anageuza vyuma vyangu kimoja kimoja. Nilidhani ananivizia aibe.

Siku moja akaniomba nimsindikize Nairobi kwenye Makumbusho ya Reli, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Nilikubali upesi, naye akanishukuru sana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia huko kuna injini za zamani zimesimama uwanjani, nikataka kujua kama zinauzwa.

Tulipofika akanipeleka moja kwa moja kwa namba 5918, iliyopewa jina la Mlima Gelai, ule wa karibu na Ziwa Natron. Ni mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, zote zikaitwa kwa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Nilimuuliza uzito. Tani 252, akasema. Nikatoa simu nikaanza kupiga hesabu ya kilo mara bei ya siku hiyo. Mbele yangu kulikuwa na kitu kirefu kuliko kanisa letu, na mimi nahesabu noti.

Mzee akapanda kwenye kibanda cha dereva bila kushikwa mkono. Macho yale hayakuwa yakiona hata ngazi ya matatu, lakini mikono ilikwenda yenyewe: vali ya mafuta hapa, ya maji pale. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, hazikuchoma makaa, akaeleza, na masizi yakiganda kwenye mabomba ya boila unarusha kopo la mchanga ndani ya tanuri, mchanga unavutwa mabombani na kuyakwangua, moshi mweusi unatoka kama dhambi. Safarini kulikuwa na vikosi viwili vya wafanyakazi: kimoja kinaendesha, kingine kinalala kwenye behewa. Huko Tororo hazikufika, reli ilikuwa nyepesi mno kwa tani 21 za kila ekseli.

Kisha akaomba kitambaa. Akafuta kioo kidogo cha kuonyesha maji ya boila, taratibu, juu mpaka chini. Maji yakishuka chini ya dari la tanuri, akasema, dari linalainika na boila inapasuka. Kioo hiki nilikiangalia kuliko nilivyomwangalia mke wangu, akaongeza.

Nikamwambia, kwa mzaha, kwamba sasa imebaki pambo tu. Akanikatiza. Injini hiyo ilishazimwa, mvuke wote ulipoondolewa kwenye njia kuu, ikakaa baridi miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi waliitengeneza, yeye akaiona kwa macho yake ikitembea tena, na pia injini ndogo zaidi, namba 3020 Nyaturu.

"Wewe unanunua boliti za njia, mwanangu," akasema, bado anafuta. "Nimeziona yadini."

Nikamuuliza kwa nini hakunishtaki.

"Ningekushtaki, nani angenileta huku?"

Alicheka. Mimi sikuweza. Mtu niliyemdhania mwizi alikuwa amekaa juu ya ndoo yangu akijua kila kitu, na bado akanitafuta tusafiri pamoja, akanilipia na nauli. Sikustahili hata chai yake.

Nisikudanganye, ndugu msomaji, kwamba nilirudi nimekuwa mtu mwingine. Nilipokataa mzigo wa usiku, vijana walihamia yadi nyingine na wateja wangu wa mchana wakawafuata. Kodi ikanishinda. Kuna usiku nilipokea gunia moja, nikasema la mwisho, na halikuwa la mwisho. Mzee aliendelea kuja. Hakunihubiria. Akaniombea nafasi kwa fundi wa kuchomelea, nami mtu mzima nikaanza kufagia karakana pamoja na watoto wa darasa la nane.

Januari 2022, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, nilikuwa nimeshafunga yadi. Sikufurahia. Wengi waliokosa riziki miezi ile hawakuwahi kununua boliti hata moja.

Sasa natengeneza mageti na viti vya kanisa, na viti vya mbele nimewaachia wengine. Juzi kijana mmoja niliyekuwa nikinunua kwake alikuja na gunia. Nilimwambia vitu hivyo havipimwi kwangu, ila kama anataka kushika mashine ya kuchomelea, aje Jumatatu. Akasema atafikiri.