Somo Nililolipata Lushoto

Akina mama wenzangu, safari yangu ya Lushoto haikuwa ya matembezi. Niliondoka Dar es Salaam nikiwa na mzigo moyoni. Wiki mbili kabla, mbwa wetu Simba alikata mnyororo akamwuma mguuni mtoto wa jirani, msichana wa miaka 7. Tuliliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tukamkimbiza hospitali, akaanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Daktari aliponiuliza, "Mbwa wenu amechanjwa?" sikuwa na jibu. Hata kadi yake sikujua iko wapi.

Siku 10 za kumwangalia mbwa zilipita salama, na mtoto aliendelea na sindano zake. Lakini baba watoto alikwisha sema: mwezi ukiisha, Simba aondoke. Sote tulijua maana ya kuondoka. Watoto wangu walilia, nami nikabaki katikati.

Basi, nikaenda kumwona wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Pale Mombo joto lilikuwa kali. Kutoka hapo barabara inapanda mlima kwa kilomita zipatazo 33, kona baada ya kona, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili. Ukifika Soni unaona maporomoko ya maji, na hewa inabadilika. Lushoto yenyewe, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, uko kwenye mwinuko wa meta 1,400 hivi. Nilishuka nikijifunika kanga mbili, katikati ya akina mama wenye vikapu vya kabichi na karoti.

Kwenye lango la wifi nilisimama ghafla. Mbwa mkubwa kama Simba alikuwa akinijia, hana mnyororo! Wifi hakupaza sauti. Alisema neno moja tu, "Kaa." Mbwa akakaa, akanitazama.

"Shikamoo wifi. Huyu haumi?"

"Marahaba. Karibu ndani, mama. Anaweza kuuma, kwani ana meno. Ila hana sababu."

Kesho yake alfajiri aliniamsha. Tulitembea sisi wawili na mbwa, akiwa amefungwa kamba, hadi Irente, mahali ambapo mlima unakatika ghafla. Chini kabisa unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika inayoenea hadi macho yanapochoka. Mbwa alilala miguuni pa wifi, ametulia. Hapo ndipo nilipomweleza habari zote.

Alinisikiliza, kisha akauliza, "Simba hutembea saa ngapi?"

Nilinyamaza. Simba alifungwa asubuhi na jioni. Usiku alibweka, nami nikafungua dirisha na kumpigia kelele.

"Wifi yangu," akasema, "mbwa wenu ana kifungo kuliko ukali. Nguvu zake zinakwenda wapi? Na ukimpigia kelele, yeye anadhani nawe unabweka pamoja naye."

Siku 4 nilizokaa pale niliangalia kila alichofanya. Kwanza, matembezi kabla ya chakula, kila siku, kiasi cha nusu saa au zaidi. Pili, mafunzo mafupi ya dakika 5 tu, mara mbili kwa siku: kaa, ngoja, njoo. Mbwa akitii, papo hapo anapewa dagaa mmoja na neno la sifa. Akichelewa kusifiwa, hajui amesifiwa kwa lipi. Tatu, nyumba nzima hutumia maneno yale yale. Mama akisema "shuka" na watoto wakicheka anaporukia watu, mbwa atamsikiliza nani? Nne, hapigwi. Mbwa anayepigwa kwa sababu ya kunguruma hujifunza kuacha kunguruma, kisha siku moja anauma bila kuonya.

Na kwa watoto alikuwa na sheria zake pia. Mbwa anayekula au kulala hasumbuliwi. Mtoto mdogo haachwi peke yake na mbwa, hata awe mpole namna gani. Kadi ya chanjo ilitundikwa ukutani karibu na kalenda, nayo chanjo ilirudiwa kila mwaka.

Niliporudi nilimwomba baba watoto miezi miwili. Alikubali shingo upande, kwa kuwa maneno yalitoka kwa dada yake. Siku ya kwanza kabisa bwana mifugo alikuja, Simba akachanjwa. Tukamjengea banda lenye uzio imara badala ya mnyororo. Saa 11 alfajiri, kabla ya jua la Dar kuchoma ardhi, mwanangu mkubwa nami tulitoka naye kwa kamba fupi. Wiki ya kwanza alinivuta hadi mikono ikaniuma. Alipovuta, nilisimama kimya. Kamba ilipolegea, tuliendelea. Siku nyingine tulichukua robo saa kufika kwenye kona ya kwanza!

Kazi ngumu zaidi ilikuwa sauti yangu. Nilizoea kufoka, na si kwa mbwa peke yake. Binti yangu aliniambia, "Mama, siku hizi hata sisi hutupigii kelele." Nilicheka, lakini neno lile lilinichoma.

Sasa ni mwezi wa tatu. Sitawadanganya, Simba bado hubwekea pikipiki, nasi hatumwachii lango wazi. Lakini usiku tunalala. Baba watoto hajataja tena habari ya kumwondoa, na juzi nilimkuta akimtafutia dagaa mfukoni.

Yule msichana wa jirani amepona, ila kwa muda mrefu alikuwa akipita upande wa pili wa barabara. Sikumlaumu. Jumamosi iliyopita alisimama mbali, ameshika mkono wa mama yake, akitutazama tukirudi. Nikasema taratibu, "Simba, kaa." Akakaa. Msichana hakusogea karibu, wala sikumwita. Aliuliza tu, "Anasikia?"

"Anasikia, mwanangu," nikamjibu. "Tulikuwa hatujamfundisha."