Kizingiti cha Nyumba Mpya

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Neno hilo ni la hekima, lakini kwa mtu aliyekwisha kuzeeka kujikwaa dole si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na waliopita umri wa miaka 60 ndio wafao kwa wingi zaidi.

Huko Kipsing, katika Kaunti ya Isiolo, mama mmoja Msamburu alikaa miaka mingi katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe, kama ilivyo desturi ya wanawake wa kabila hilo, kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe. Mlango wake ulikuwa mfupi, na moshi wa mekoni ulimwumiza macho. Mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi mjini Isiolo, aliona haya kumwacha humo. Akamjengea nyumba ya mabati, yenye sakafu ya saruji na kizingiti kirefu cha kuzuia maji ya mvua, na choo cha shimo nyuma yake. Majirani wote wakamsifu.

Usiku wa tatu mama akaamka kwenda haja. Katika nyumba ya zamani alijua gizani kila figa na kila mti wa kushika. Katika hii mpya mkono wake ulikuta ukuta usioshikika, na mguu wake ukagonga kizingiti. Akaanguka, akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuweza kutembea pasipo mkongojo.

Mwana akafadhaika sana, akasema, "Mama, nilitaka upate raha." Mama akamjibu, "Umejenga vizuri, mwanangu, lakini hukuniuliza miguu yangu hupita wapi usiku."

Maneno hayo yalimwingia moyoni. Mama alipopata nafuu, kijana akangoja giza liingie, akamfuata hatua kwa hatua, toka kitandani hadi mlangoni, na toka mlangoni hadi chooni, akiangalia kila mahali aliposita. Kesho yake akakivunja kizingiti, akatia mteremko mahali pake, na nje akachimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Akasimamisha nguzo, akafunga ufito wa kushika hadi chooni. Matawi ya miiba ya boma yakaondolewa njiani, kuni na vibuyu vikawekwa pembeni, na taa ndogo ya nguvu ya jua ikatundikwa karibu na kitanda. Meko nayo yakajengwa katika kibanda chenye hewa, ili moshi usimdhuru tena. Kazi hiyo yote haikufikia hata gharama ya mabati ya paa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo ya jamaa yake na ya Serikali. Ni sheria njema, lakini sheria haioni jiwe lililo mlangoni. Basi kila mwenye mzee nyumbani na amfuate usiku mmoja tu, tena amwulize kwanza, kabla hajashika nyundo.